Mzalendo Aliyekuja kwa Jahazi



Tarehe 29 Juni, siku ambayo Kanisa laadhimisha Sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo Mitume, tulikuwa Ilongero, upande wa kaskazini ya mji wa Singida. Ulikuwa wakati wa kipupwe, na upepo wa nchi ile, usiomwonea haya mgeni wala mwenyeji, ulikuwa ukivuma tangu alfajiri. Mavuno yalikuwa yamekwisha kuingia ghalani: mtama, uwele, na magunia ya alizeti yakingoja wanunuzi. Baada ya Misa tuliketi na wazee kivulini, na baada ya kujuliana hali mazungumzo yakaelekea jambo lililokuwa likiwasumbua wote.

Yupo pale mfanyabiashara mmoja, ambaye hatutamtaja jina, aliyetoka mbali miaka mingi iliyopita. Hununua alizeti za watu, ana duka, ana mashine ya kukamua mafuta, na watoto wake wamesoma darasa moja na watoto wa pale. Baadhi ya wazazi walitaka aingie katika kamati ya shule. Wengine wakakataa katakata. Mzee mmoja mwenye heshima alitueleza sababu, tena kwa ufasaha. Alisema kwamba kitovu cha mtu yule hakikuzikwa Ilongero. Na kwamba neno lenyewe la Kiswahili lamaliza shauri, kwa kuwa katika neno “mzalendo” mmo neno “kuzaa”. Mzalendo ni mzaliwa wa nchi. Asiyezaliwa hapa aweza kuwa mnunuzi mwema, aweza kuwa jirani mwema, lakini mzalendo hawezi kuwa, kama vile mbuzi hawezi kuwa kondoo kwa kulala zizi moja.

Tukiri kwamba hatukuwa na jibu tayari. Sisi nasi tumekaa miaka mingi juu ya vitabu vya seminari, lakini hoja ya mzee yule ilikuwa na mizizi. Tulinyamaza kidogo. Kisha tukakumbuka ni siku gani.

Petro alizaliwa wapi? Galilaya, kando ya ziwa, kwa wavuvi. Paulo je? Tarso. Wala mmoja wao hakuzaliwa Roma. Walifika huko wakiwa wageni, wenye lafudhi ya kigeni na desturi za kigeni, nao walifia huko. Walakini kwa karne nyingi sasa Roma yawaita wawili hao wasimamizi wake, na kuwaona kuwa wenyeji kuliko wafalme wote waliozaliwa katika majumba yake. Tena ziko siku ambazo Kanisa huadhimisha watakatifu katika tarehe ya kufa kwao, na siku hiyo tangu zamani huiita siku ya kuzaliwa. Basi, neno la mzee ni la kweli: mzalendo ni mzaliwa. Lakini Bwana wetu Yesu Kristu alimfundisha Nikodemo usiku ule kwamba mtu huzaliwa mara mbili. Kuzaliwa kwa kwanza hakuna aliyekuchagua. Kwa pili kwategemea neema ya Mungu na hiari ya mtu mwenyewe. Kwa mfano wa jambo hilo kubwa twaweza kusema kwamba mtu aweza kuzaliwa mara ya pili hata katika nchi.

Kesho yake, tarehe 30 Juni, ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha mtu mmoja aliyefariki mwaka 1916, ambaye jina lake hapo kale lilijulikana toka Bagamoyo mpaka Ujiji, na toka Mombasa mpaka Kampala. Jina lake ni Allidina Visram. Wengi wa vijana wetu hawajapata kulisikia. Hakuwa Mkristu, alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia. Hatumleti katika ukurasa huu ili tumfanye kuwa wetu, bali kwa kuwa Bwana wetu, alipotaka kumfundisha mwanasheria jirani ni nani, hakuchukua mfano wa kuhani wala wa Mlawi. Alichukua mfano wa Msamaria.

Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Mwaka 1863 alivuka bahari akashuka Bagamoyo. Hesabuni wenyewe: alikuwa mtoto wa miaka 12, na mfukoni hakuwa na kitu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa hawajafika kujenga misioni yao pale; wao walikuja miaka mitano baadaye, mwaka 1868. Watu husema kwamba jina la mji ule latokana na wapagazi waliofika pwani wakabwaga mioyo yao. Hatuhitaji kusoma vitabu vingi ili tujue mtoto yule aliubwaga moyo wake namna gani usiku wa kwanza, mbali na mama yake, akisikia lugha asiyoielewa. Kila mama wa Ilongero aliyemsindikiza mwanawe penye basi la kwenda Dar es Salaam ajua habari hiyo bila kusimuliwa.

Akapata kazi kwa tajiri mmoja wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo, naye Mwismailia. Sewa Haji alikuwa akipeleka bara misafara ya nguo, shanga na nyaya za shaba. Huko kijana alijifunza kupima, kuhesabu, kukopesha na kudai, na kutimiza ahadi. Lakini yafaa tuseme habari za bwana wake kidogo, kwani mwanafunzi hufahamika kwa mwalimu wake. Katika miaka ya 1890 Sewa Haji alitoa fedha zijengwe hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya wagonjwa wa kila taifa. Huko Bagamoyo alitoa nyumba ya ghorofa iwe shule ya watoto, bila kuwabagua kwa rangi wala kwa dini. Akafariki mwaka 1897, angali mtu wa makamo. Leo katika Hospitali ya Muhimbili liko jengo liitwalo Sewahaji. Kila siku watu huambiana, “Amelazwa Sewahaji,” wala hawajui kwamba wametaja jina la mtu. Nadhani hakuna kaburi lililo bora kuliko hilo: jina la tajiri limekuwa kitanda cha maskini.

Baada ya kufa bwana wake, Allidina Visram alizidi kuipanua kazi. Akafungua maduka Dar es Salaam, Saadani, Ujiji, na Tinde katika nchi ya Usukuma, ambayo si mbali sana na jirani zetu wa Singida. Kisha akageukia kaskazini. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Naye alifuatana nayo duka kwa duka, mpaka akaingia Uganda. Akafungua viwanda vya kuchambua pamba, vya kukamua mafuta, na vya kupasua mbao. Palipokuwa hapana benki, duka lake lilifanya kazi ya benki. Vijana waliofika kutoka kwao bila mtaji, kama yeye alivyofika, aliwapa bidhaa kwa mkopo wakaenda kufungua vibanda vyao vijijini. Mkulima aliyekuwa na pamba, au ufuta, au nta, akapata mahali pa kuuza na mahali pa kununua chumvi na nguo. Mwaka 1916 alisafiri kwa kazi zake mpaka Kongo, akashikwa na homa, akafariki tarehe 30 Juni. Alikuwa ameishi upande huu wa bahari kwa muda wa miaka 53.

Sasa atatokea msomaji aulize: Je, huo ndio uzalendo? Si kujitafutia mali tu? Swali hilo ni la haki, na hatutalikwepa.

Mali ile haikuwa safi yote, kwani ni mali ipi ya dunia hii iliyo safi yote? Biashara ya misafara ilisafiri juu ya mabega ya wapagazi, na wengi wao walikufa njiani bila msalaba wala jiwe la kuonyesha walipolala. Nguo zilizokwenda bara ziligeuka pembe za ndovu zilizokuja pwani. Na baadaye, chini ya serikali za kikoloni, watu walipangwa kama mizigo katika rafu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Aliyekaa rafu ya katikati alifaidika na mpango huo, hata kama hakuubuni yeye. Mzee wa kijiji aliyeuza magunia yake kwa bei ya hasara, naye hakujua kusoma mizani, ana haki ya kukumbuka. Sisi hatuandiki ili kumbukumbu hiyo ifutwe.

Lakini tazameni mwisho wa habari. Allidina Visram alikuwa na mwana, jina lake Abdulrasul. Baba alipokwisha kufa, mwana angaliweza kumjengea kaburi la fahari. Badala yake alijenga shule huko Mombasa, akaipa jina la baba yake. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1923, na mwaka uo huo Abdulrasul naye akafariki. Haukupita muda mrefu biashara yote ikaanguka: maduka, viwanda, mashamba, mikopo, ikawa kama jengo la udongo wakati wa masika. Mali iliyokusanywa kwa miaka 50 na zaidi ilitoweka katika muda wa miaka michache.

Kilichobaki ni kile walichotoa. Shule ya Allidina Visram ingali ipo Mombasa, na miaka 100 yake imekwisha kupita. Ni kweli kwamba hapo mwanzo ilikuwa shule ya watoto wa Kihindi. Wema wenyewe ulikuwa umezungushiwa ua, na kwa jambo hilo Sewa Haji alikuwa amemtangulia mwanafunzi wake. Lakini ua ulioota ukuni huoza, na mlango ukafunguka. Leo watoto wa kila kabila la Kenya huketi katika madarasa yale. Tajiri yule wa Injili alikusudia kubomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi, na usiku ule ule akadaiwa roho yake. Bwana wetu hakumlaumu kwa sababu alivuna sana. Alimwita mpumbavu kwa sababu yote aliyovuna aliyawekea yeye mwenyewe.

Basi, twaona nini? Twaona kwamba mgeni huzaliwa mara ya pili katika nchi siku ile anapoacha kuuliza, “Nitachukua nini hapa?” akaanza kuuliza, “Nitaacha nini hapa?” Huo ndio utungu wake wa kuzaliwa. Wengine hawaufikii kamwe. Hukaa miaka 40 katika mji, na sanduku lao likiwa limefungwa kamba tayari kwa safari. Wengine huufikia mapema. Nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliokuwa mateka Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, wautafutie mema mji ule na kuuombea, kwa kuwa katika amani ya mji ndimo mlimo amani yao. Aliwaambia hivyo watu waliopelekwa kwa nguvu. Si zaidi sana wale waliokuja kwa hiari yao?

Nchi yetu yenyewe iliwekwa juu ya msingi huo. Mwezi wa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili sheria ya uraia. Walikuwapo waliotaka uraia uwe wa watu weusi tu. Mwalimu Julius Nyerere alisimama akakataa kwa ukali. Alisema kwamba uraia lazima usimame juu ya utii wa mtu kwa nchi, wala si juu ya rangi ya ngozi yake, na kwamba serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kuliko kukubali kinyume chake. Miaka 11 baadaye twalijua lililotokea kwa jirani zetu. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa watu wa asili ya Asia siku 90 waondoke Uganda. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo waliozaliwa huko, na hata waliokuwa raia. Wajukuu wa wale walioanza na kibanda cha chumvi na nguo walikwenda na sanduku moja mkononi. Mwalimu alilaani jambo hilo waziwazi. Na Uganda ilijifunza kwa uchungu kwamba anayemfukuza mgeni kwa sababu ya damu yake, kesho hukosa wa kumfukuza, akaanza kuwatafuta ndugu zake wa tumbo moja.

Ndugu wasomaji, Kanisa haliwezi kuwa na moyo mwingine katika neno hili. Mwokozi wetu alipokuwa mtoto mchanga alichukuliwa usiku kwenda Misri, na Mtakatifu Yosefu, fundi seremala, akawa mgeni atafutaye kazi ili mke na mtoto wapate kula. Baba Mtakatifu Pius XII, katika waraka wake wa mwaka 1952 juu ya wahamiaji, aliiweka Familia hiyo Takatifu mbele ya macho yetu kuwa kielelezo na ulinzi wa kila jamaa iliyolazimika kuiacha nchi yake. Na siku ya Hukumu hatutaulizwa wageni walizaliwa wapi. Tutaulizwa tuliwapokea namna gani.

Wahenga wetu walilijua hilo kabla ya kusoma waraka wo wote. Walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi husema mithali hii ili kumkemea mgeni mvivu, na ni vema. Lakini ina upande wa pili. Ukimpa mtu jembe, umempa na udongo wa kulitia. Huwezi kumpa jembe asubuhi, ukamtoza kodi adhuhuri, ukala mavuno yake jioni, kisha usiku ukamwambia kwamba hana neno la kusema juu ya shamba.

Kwa hiyo twataka kusema maneno matatu, na kila mtu achukue lake.

Kwenu ninyi mliotoka mbali mkafanya biashara katikati yetu, mkiwa mmetoka ng'ambo au mkoa mwingine tu: fungueni kamba za sanduku. Mizani yenu iwe ya haki, kwa maana mizani ya duka huhubiri kila siku, na mahubiri yake husikilizwa kuliko yetu. Jifunzeni lugha ya watu, hudhurieni misiba yao, na watoto wao wawe na sehemu katika faida yenu. Msingoje kufa ndipo wana wenu wajenge shule kwa jina lenu.

Kwenu ninyi akina baba na akina mama mnaowalea vijana watakaoondoka, maana wengi wataondoka: kabla ya kumpa kijana nauli, mpeni tabia. Allidina hakuwa na senti alipofika Bagamoyo; alikuwa na uaminifu uliomfanya bwana wake amkabidhi mali. Na mwana wake Abdulrasul alimheshimu baba kwa kutoa, si kwa kugombea urithi. Ni nyumba ngapi za Wakristu leo ambamo matanga hayajaisha, na ndugu wamekwisha kushtakiana juu ya bati na ng'ombe? Baba mwenye busara huwazoeza watoto wake kutoa angali hai, ili siku ya kifo chake mikono yao ijue kazi nyingine zaidi ya kunyakua.

Kwetu sisi tuliozaliwa hapa, ambao vitovu vyetu vimezikwa katika ardhi hii: neno letu ndilo gumu kuliko yote. Kuzaliwa kwetu kwa kwanza hakututoshi. Mtumishi anayeiba dawa za zahanati alizaliwa hapa. Karani anayeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili alizaliwa hapa. Mzazi asiyetia mguu shuleni tangu mwanawe aandikwe darasa la kwanza alizaliwa hapa. Hao kwa kitovu ni wazalendo; kwa matendo hawajashuka bado kutoka jahazini. Ubatizo hatukuurithi kwa damu, wala mapenzi ya nchi hayarithiwi kwa damu. Kila mmoja wetu, mwenyeji na mgeni, lazima azaliwe tena.

Tulipokwisha kuwaeleza wazee wa Ilongero habari za Petro na Paulo, mzee yule mwenye hoja alikaa kimya, akichora mchangani kwa fimbo yake. Kisha akasema kwamba ameelewa, ila ana sharti moja. Kamati ya shule imwulize yule mfanyabiashara ameifanyia nini shule, wala isimwulize amezaliwa wapi. Lakini wajumbe wengine wote, naye mwenyewe akiwa wa kwanza, waulizwe swali lilo hilo. Wenzake wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Nasi tumelichukua swali lake, tumekuja nalo mpaka kwenu. Mwenyezi Mungu, ambaye mbele yake sisi sote ni wageni na wasafiri, atupe kulijibu kabla ya jua letu kuchwa.